Usimutishe mutoto kwa jina la muganga wa meno



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ya kazi, buti, vumbi ya mawe na homa ya malaria. Leo tunaingia nyumbani na kuzungumza juu ya meno ya watoto. Hatutazungumza juu ya meno peke yake. Tutazungumza pia juu ya neno linalotoka katika kinywa cha muzazi, na namna neno hilo linavyomufuata mutoto mpaka kwenye kiti cha muganga wa meno.

Kila mumoja wetu amekwisha kulisikia. Mutoto anakataa kula, mama anasema: «Nitakupeleka kwa muganga akuchome sindano.» Mutoto anapiga kelele wakati baba anapumzika nyuma ya kazi ya usiku, baba anasema: «Nyamaza, ao muganga atakuja kungoa meno yako yote.» Mutoto ananyamaza na muzazi anafurahi. Lakini hapo deni limeandikwa. Siku moja litalipwa, na atakayelilipa ni mutoto.

JAMBO NILILOLIFANYA MIMI MWENYEWE

Miaka kadhaa imepita, nilikuwa nikitumika katika dispensari moja mbali kidogo na Bunia. Asubuhi moja baba mumoja, mutu wa mashine ya kutoboa mawe, alimuleta binti yake wa miaka sita. Shavu la mutoto lilikuwa limevimba. Jino la utoto, upande wa chini kule nyuma, lilikuwa limeoza mpaka kwenye mizizi. Mama alituambia kwamba mutoto alikuwa akilia usiku tangu majuma mawili. «Tulimwambia atulie, ao tutamupeleka kwenu.» Basi, walipomuleta, mutoto aliona kwamba siku ya hukumu imefika.

Alipoona kiti alishika mulango kwa mikono miwili. Baba yake, asiyeogopa giza la shimo, aliona haya mbele ya watu. Alimupiga kofi. Kisha tukamushika watu wanne: mumoja kichwa, wawili mikono, na mimi nilishika miguu. Tulichoma dawa ya ganzi kwa haraka, na hatukungoja ifanye kazi. Tena penye usaha dawa hiyo ina nguvu kidogo. Jino lilitoka. Tukapangusa jasho, tukasema: imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Miaka mitatu nyuma yake nilimuona binti yule tena. Safari hii lilikuwa jino la ukubwa. Alikuwa ameficha maumivu. Alitafuna upande mumoja tu, na kila mara mama alipouliza, alijibu: «Siumwi.» Uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya taya, homa ilikuwa kali, na kinywa hakikufunguka vizuri. Alilazwa hospitali siku nyingi. Alipona, asante kwa Mungu. Nilipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alitazama miguu yake, akanijibu: «Niliogopa mutanishika tena.»

Ndugu wasomaji, ugonjwa wa mutoto huyu ulianza katika jino. Lakini kilichoufanya ukaribie kumuua ni woga, na woga huo tuliutengeneza sisi wakubwa, wazazi na waganga pamoja.

WOGA WA MUTOTO UNATOKA WAPI?

Mutoto hazaliwi akimuogopa muganga wa meno. Anafundishwa. Kwanza anafundishwa na vitisho vya nyumbani, kama tulivyosema. Pili anafundishwa na hadisi za wakubwa. Baba anawahadisia wenzake jinsi alivyongolewa jino na damu iliyomwagika, na hajui kwamba mutoto anasikiliza karibu na mulango. Tatu anasoma uso wa muzazi. Mama akitetemeka, mutoto anajua kwamba kuna hatari, hata kama mama anasema kwamba hakuna.

Ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: tunamuleta mutoto mara ya kwanza siku ile anapoumwa sana. Hajalala, hajala, shavu linawaka. Hajaona kiti kile hata siku moja, wala taa, wala vyombo. Siku ya kwanza ya kumufahamu muganga inakuwa siku ya kungoa. Nani kati yetu angependa kazi aliyoanza namna hiyo?

Tena tusisahau inchi yetu. Ituri ilipita katika vita toka 1999 mpaka 2003, na matata yalianza tena mwisho wa 2017. Watoto wengi wamekimbia usiku, wengine wameona watu wakishikwa na kufungwa. Mutoto kama huyo, watu wasiojulikana wakimushika mikono na miguu, moyo wake haujui tena kama yuko katika nyumba ya dawa. Muzazi anayejua kwamba mutoto wake amepita katika mambo hayo, amwambie muganga mbele ya kuanza kazi. Neno hilo ni sehemu ya matunzo.

«NI JINO LA UTOTO TU, LITAANGUKA»

Wazazi wengi wanasema hivyo. Tuangalie kama ni kweli.

Mutoto anakuwa na meno ya utoto 20. La kwanza linatokea karibu na miezi sita, na yote yanakuwa yametimia karibu na miaka mitatu. Ya mbele yanaanza kuanguka kwenye miaka sita ao saba. Lakini magego ya utoto, yale ya nyuma, yanakaa mpaka miaka 10 ao 12. Gego likioza mutoto akiwa na miaka minne, kungoja lianguke ni kungoja miaka sita ao nane. Hakuna mutu awezaye kuvumilia maumivu namna hiyo.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: karibu na miaka sita, nyuma ya meno yote ya utoto, linaota gego la ukubwa. Linatokea kimya, bila jino lolote kuanguka mbele yake. Wazazi wanafikiri ni la utoto, wanaliacha lioze. Kumbe hilo halina jingine la kulirudilia. Ndilo lile lililomulaza binti niliyewaambia.

Ugonjwa huu si wa Ituri peke yake. Shirika la Afya la Dunia lilitangaza katika 2022 kwamba watoto karibu milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza bila kutunzwa. Sababu yake inajulikana: wadudu wadogo wa kinywani wanakula sukari na kutoa asidi, na asidi inatoboa jino polepole. Bomboni, limonadi, chai yenye sukari nyingi, na chupa tamu ambayo mutoto mudogo analala nayo usiku, vyote vinaleta tundu.

Mwanzoni tundu haliumi. Hapo ndipo kazi ni nyepesi. Katikati ya miaka ya 1980, kule Tanzania, daktari wa meno Jo Frencken na wenzake walianza kutumia namna ya kutunza jino kwa vyombo vya mukono tu. Muganga anakwangua sehemu iliyooza, kisha anaziba tundu kwa saruji ya meno inayoitwa glasi ionoma. Hakuna mashine ya kupiga kelele, na mara nyingi hakuna sindano. Katika 1994 Shirika la Afya la Dunia liliisifu namna hiyo mbele ya inchi zote, na katika 2021 liliitia saruji hiyo katika orodha ya dawa za lazima. Katika orodha hiyo ilitiwa pia dawa ya maji ya fedha na fluoridi, inayopakwa juu ya tundu ili kulisimamisha. Jino litabaki na rangi nyeusi pale ilipopakwa, lakini mutoto hachomwi wala hatobolewi. Mukifika kwa muganga wa meno, muulizeni kama ana mojawapo ya dawa hizi. Lakini zinasaidia mutoto aliyeletwa mapema. Aliyeletwa na usaha, mara nyingi amechelewa.

SEMA, ONYESHA, FANYA

Ninyi wa baruti munajua sheria. Hakuna anayewasha baruti bila kutoa alama. Watu wanaambiwa, wanajua wakati, wanajua mahali pa kusimama. Mulio ni ule ule, lakini mutu aliyeambiwa hashituki kama yule ambaye hakuambiwa. Basi, kwa nini mutoto asiambiwe?

Katika 1959 daktari wa meno wa Marekani, Harry Addelston, aliandika juu ya namna ambayo waganga wa meno wa watoto wanaifuata mpaka leo. Ina maneno matatu: sema, onyesha, fanya. Muganga anasema kwa maneno ya mutoto jambo atakalolifanya: «Nitahesabu meno yako kwa kioo hiki kidogo.» Anaonyesha: anakiweka kioo katika mukono wa mutoto, mutoto anajiangalia. Kisha anafanya lile alilolisema, na haongezi jingine. Ni dakika chache tu, na zinalipa.

Wazazi wenyewe wanaipenda namna hii. Katika 1984 watafiti wa Marekani, Murphy, Fields na Machen, waliwaonyesha wazazi picha za sinema za namna mbalimbali za kumutuliza mutoto kwenye kiti. Kati ya zile walizozikubali sana ilikuwa hii ya kusema, kuonyesha na kufanya. Walizozikubali kidogo kabisa ni kumulaza mutoto kwa dawa ya usingizi, na kumufunga juu ya ubao. Huko huko Marekani waganga wengine walikuwa na desturi ya kumufunika mutoto mudomo kwa mukono ili anyamaze. Chama chao cha waganga wa meno ya watoto kiliifuta desturi hiyo katika sheria zake katika 2006. Kama wenye vyombo vingi waliona kwamba nguvu inaharibu, sisi wenye vyombo vichache tunapaswa kujifunza zaidi, kwa maana upole haununuliwi kwa franka.

MAKOSA MAWILI YA WAZAZI

Kwenye mulango wa dispensari ninaona wazazi wa namna mbili.

Wa kwanza anasema: «Mushike tu, umalize. Mimi nina kazi.» Mara nyingi ni baba. Anafikiri kwamba mutoto anayelia ni mukaidi, na kwamba mwanaume halii. Baba, kilio si ukaidi. Mutoto anayelia huku amefungua kinywa anasaidia kazi kuliko yule anayenyamaza na kuuma meno yake. Kofi halifungui kinywa. Linaongeza maumivu ya pili juu ya yale ya kwanza.

Wa pili anasema: «Analia, maskini. Turudi nyumbani, tutakuja siku nyingine.» Mutoto anajifunza kwamba kilio kikubwa kinafungua mulango wa kutokea. Siku nyingine inakuwa mwezi mwingine, na tundu halingoji.

Njia ya katikati ni hii. Kama hakuna hatari ya haraka, mukubaliane na muganga kufanya jambo dogo leo, hata kuhesabu meno tu, kisha mutoto aende nyumbani akiwa ameshinda. Musirudi bila kufanya kitu, wala musifanye yote kwa nguvu.

Je, ni vibaya siku zote kumushika mutoto? Hapana. Mutoto wa chini ya miaka mitatu hafahamu maelezo. Huyu tunamukamata kwa upendo, namna hii: mama na muganga wanakaa wakitazamana, magoti yao yanagusana. Mutoto anakaa juu ya mapaja ya mama, anamutazama mama, kisha analazwa polepole mpaka kichwa chake kinafika juu ya mapaja ya muganga. Mama anashika mikono yake na anazungumza naye. Mutoto anaona uso wa mama yake wakati wote. Kushikwa na mama namna hiyo si sawa na kushikwa na watu wanne wasiojulikana.

KAZI YA MUZAZI

Mbele ya kwenda:

1. Usitumie jina la muganga, sindano ao hospitali kwa kumutisha mutoto. Hata kwa kucheka.

2. Mupeleke mutoto mbele ya maumivu. Meno ya kwanza yakiisha kuota, aonyeshwe. Ukienda kwa ajili yako mwenyewe kuangaliwa tu, mupeleke aone.

3. Usidanganye. Usiseme «haitauma hata kidogo» wala «tunaenda sokoni». Akigundua uongo, hatakuamini tena, wala wewe wala muganga. Sema: «Muganga ataangalia meno yako. Kama kuna kazi, atakueleza. Mimi nitakuwa karibu.»

4. Musichukue bibi, shangazi na majirani watano. Muzazi mumoja mutulivu anatosha.

Ndani ya chumba:

5. Mwache muganga azungumze na mutoto. Watu watatu wakisema pamoja, mutoto hasikii mutu. Wewe shika mukono wake, vuta pumzi polepole, nyamaza.

6. Omba alama ya kusimama. Mutoto akiinua mukono wa kushoto, muganga anasimama. Alama hiyo ni ya kweli, si ya kumudanganya. Mutoto anayejua kwamba anaweza kusimamisha kazi, mara nyingi haisimamishi.

7. Kama ni sindano, muganga amwambie: «Utasikia kama kufinywa, kisha ufizi utalala.» Mungoje mpaka ulale kweli. Muzazi ana haki ya kuuliza: «Muganga, dawa imekwisha kufanya kazi?» Asione haya kuuliza.

Nyuma ya kazi:

8. Musifu kwa jambo alilolifanya: «Ulifungua kinywa vizuri.» Hata kama alilia, tafuta jambo moja la kusifu. Usimupe bomboni. Mupira wa matambara ao safari ya kumusalimu bibi inatosha.

9. Kama jino limengolewa, aume kitambaa safi nusu saa. Mudomo uliolala kwa dawa ya ganzi unaweza kukaa hivyo saa mbili ao tatu. Muangalie asiutafune, wala asinywe chai ya moto. Aspirini isipewe mutoto. Paracetamoli apewe kwa kipimo cha uzito wake, kama muganga atakavyosema.

10. Nyumbani meno yasuguliwe mara mbili kwa siku, na mara moja iwe mbele ya kulala. Dawa ya meno yenye fluoridi inatosha kiasi cha punje ya mchele kwa mutoto wa chini ya miaka mitatu, na kiasi cha punje ya pizi mpaka miaka sita. Muzazi asugue mwenyewe mpaka mutoto afike miaka saba ao nane, kwa maana mukono mudogo haufiki nyuma.

Jino likiuma usiku, musitie ndani yake asidi ya betri, petroli, tumbako ao zebaki. Vitu hivi vinachoma ufizi ao vinatia sumu mwilini. Sukutueni kinywa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mumupe paracetamoli, na asubuhi mumulete.

SIKU ISIYONGOJA

Kuna wakati hatuwezi kungoja mutoto azoee. Uvimbe ukifika chini ya taya, shingoni ao karibu na jicho. Mutoto akiwa na homa. Akishindwa kumeza mate, kufungua kinywa ao kupumua vizuri. Mumupeleke hospitali siku ile ile, hata usiku. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya pumzi. Hata hapo, mwambieni ukweli njiani. Haraka haitukatazi kusema.

KUMALIZA

Binti yule alipotoka hospitali, mama yake alimuleta tena, kwa sababu jino lingine lilikuwa na tundu dogo. Safari hii tuliketi kwanza. Mama alimwambia mbele yangu: «Tulikosa kukutisha.» Mimi pia nilimwomba musamaha. Siku ya kwanza muganga wa meno alihesabu meno tu. Siku ya pili alimusugulia. Siku ya tatu aliziba tundu kwa vyombo vya mukono. Mutoto alilia kidogo, aliinua mukono mara mbili, na mara mbili muganga alisimama. Mimi nilikuwa nimekaa, na mikono yangu ilikuwa juu ya meza. Hakuna aliyemushika.

Wazee walisema: mutoto umuleavyo ndivyo akuavyo. Leo jioni, mutoto akikataa kulala, tafuteni neno lingine la kumwambia. Jina la muganga liacheni kwa siku atakapomuhitaji, ili siku hiyo aweze kusema bila woga: «Mama, jino linaniuma.»